Maneno ya hospitali: anza na mkia

Halati, yaani dadake mamangu, alitoka hospitali na bahasha yake, tumo kwenye boti ya Mokowe akanitolea kadi akasema nisomee basi, we si ndo umesoma. Nikaona cholecystectomy. Herufi 15! Mpaka tunafika gatini Amu, yaani Lamu, mi bado najifanya napokea simu, na nyumbani watu washaanza kulia wakidhani ni jina la ugonjwa.

Hapo ndo nikaanza kujifunza, na mi si nesi wala sijasomea udaktari. Nilichogundua ni kwamba sisi Waswahili tushaizoea hii kazi zamani. Chukua "hawatatusaidia", hakuna aliyeikariri nzima nzima, unasikia ha- inakataa, -wa- ni wao, -ta- bado, -tu- ni sisi, imekwisha. Maneno mengi ya madaktari yameungwa vivo hivo kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini.

Anza mkiani, mkia ndo unakwambia kuna habari gani. -itis ni pahali pamevimba pamewaka, -ectomy kitu kimekatwa kikatolewa, -scopy kuchungulia ndani na kifaa, -emia ni mambo ya damu, -uria mkojo. Alafu rudi mbele, hyper- imezidi na hypo- imepungua, na hapa fungua macho kabisa kwa sababu hyperglycemia sukari imepanda, hypoglycemia imeshuka, na ukimtibu mgonjwa kinyume unaweza kumuua, kwa hivyo hizi usikisie, uliza. Katikati ndo kunakaa kiungo: gastr tumbo, hepat ini, cardi moyo, chole nyongo, cyst kifuko.

Sasa rudi kwa halati. Chole, cyst, ectomy. Kifuko cha nyongo kimetolewa! Yaani ni operesheni aliyokwisha kufanyiwa, na sisi tunalia.

Kitu kitakachokuchosha ni kiungo kimoja kuwa na majina mawili, figo mara nephr ya Kigiriki mara ren ya Kilatini, jicho mara ophthalm mara ocul. Usikasirike, si hata sisi Amu twasema mato na skuli tukaambiwa ni macho. Ureter na urethra nazo zilinitesa wiki nzima: ya kwanza inashusha mkojo kutoka figo hadi kibofu, ya pili inautoa kibofuni hadi nje.

Vifupisho vya kwenye dawa ni rahisi, BD mara mbili kwa siku, TDS mara tatu, PRN ukihitaji tu. OD ndo mtego, kwenye karatasi ya dawa mara nyingi ni mara moja kwa siku lakini kwa daktari wa macho ni jicho la kulia.

Usikariri listi ndefu, utaacha siku ya tatu. Mi nilikuwa nakata maboksi ya dawa zilizokwisha, kipande upande huu maana upande wa pili, vitano kwa siku basi, jioni barazani nampa mpwa wangu anitahini na nikikosea anacheka mtaa mzima unasikia, sasa hiyo aibu ndo inashikisha. Na uyatamke kwa sauti hata ukikosea.

Kwenye kadi ya halati mstari wa juu yake palikuwa na cholelithiasis. Lith ni jiwe, -iasis ni hali ya kuwa na kitu. Hiyo ivunje mwenyewe.