Jinsi ya kumwona E. coli akirefuka bila kugawanyika

Chukua bakteria E. coli aina ya K-12, ile ya maabara isiyo na madhara, ioteshe kwenye supu ya LB (chakula cha maji cha kuoteshea bakteria) nyuzi 37 huku unaitikisa, supu ikianza tu kupoteza uwazi wake igawe chupa mbili, moja tia sefaleksini, dawa ya antibiotiki, maikrogramu 20 kwa mililita, nyingine iache hivyo hivyo, na usiruke hapa maana bila ya kulinganishia hujui umeona nini. Subiri saa moja hivi. Tone kwenye kioo, kisha chini ya hadubini, lenzi ya kukuza mara 100 na mafuta yake.

Seli za kawaida ni vifimbo vya maikromita 2 hivi, zenye dawa ndefu kama tambi! Pete ya FtsZ, protini ya kugawanya seli, inajipanga katikati ila haikazi, ukuta wa kugawa haujengwi maana dawa inauzuia, huku MreB, protini nyingine, inaendelea kuongoza ujenzi wa ubavuni, ndo maana unene haubadiliki.