Hofu ya Kushambuliwa Zamu ya Usiku: Daktari Afanye Nini

Daktari anayeogopa kupigwa na ndugu wa mgonjwa huchoka kabla hata hajamgusa mgonjwa wa kwanza, kwa sababu sikio lake moja liko mlangoni usiku kucha. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022, linautaja uchovu wa kupindukia wa kazi kuwa ni hali itokanayo na ajira, wala si ugonjwa, na dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuidharau kazi, na kuona kwamba huna unachofanikisha. Ya pili ndiyo ya kuchunga zaidi, maana daktari aliyekwisha kuichoka kazi hujibu kwa mkato, na jibu la mkato humpandisha hasira mtu ambaye tayari ana wasiwasi.

Anza na chumba. Geuza meza ili asiwepo mtu kati yako na mlango, ondoa mkasi na stendi ya dripu isiyotumika, kisha kubalianeni na mlinzi namna ya kumwita, kwani mlinzi wa getini hasikii kelele za wodi ya nyuma.

Habari ya kifo ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Usiitoe koridoni, wala usiende peke yako. Mchukue muuguzi, uliza msemaji wa familia ni nani, awe baba mdogo, mjomba au shangazi, na umwombe aje na mtu mmoja tu wa kumshika mkono. Wakiisha kuketi, nawe keti. Uliza kwanza, "Mzee, mlipomleta mlimwonaje?", kwa kuwa jibu lake litakuonyesha kama alikuwa amejiandaa, kisha umweleze kwa ufupi yaliyofanyika na utamke neno lenyewe, amefariki, bila kulizungushazungusha. Baada ya hapo nyamaza, hata kama kimya kinakuchoma. Suala la deni na la mochwari lisitoke kinywani mwako saa hiyo. Afisa ustawi wa jamii atalishughulikia baadaye.

Sauti zikipanda, rudi hatua mbili, mikono yako ionekane, na ukiona mtu anakusogelea, toka. Kutoka si kumtelekeza mgonjwa.

Likishatokea tukio, liandike siku hiyo hiyo, hata kama ni tusi au kibao kilichokukosa, na nakala uipeleke kwa mganga mfawidhi. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Ukiumizwa, nenda polisi ukachukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Inashangaza kwamba daktari anayewajazia wengine fomu hiyo kila wiki huona haya kuomba ya kwake.

Asubuhi, katika kikao cha makabidhiano, lisome tukio hilo pamoja na idadi ya waliolazwa na waliofariki, na kama mikono bado inatetemeka, omba mwenzako akushikie zamu inayofuata.