Kabla mtoto hajaanza kubalehe: mambo ya kuzingatia

Wasichana wengi huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, kwa hiyo mazungumzo yaanze mtoto akiwa darasa la tatu. Hapa Tanga tumezoea kumwachia somo, yaani mwanamke anayemfunda binti, kazi hii, tena binti akishavunja ungo. Naona hapo tumechelewa. Somo, shangazi au bibi aitwe mapema, na mvulana apate mjomba wa kumuuliza, maana yeye ndiye husahauliwa kabisa.

Binti aambiwe kwanza habari ya matiti. Huanza kama kifungo kigumu chini ya chuchu, kinauma kikiguswa, na mara nyingi upande mmoja hutangulia kwa miezi kadhaa. Asiyejua hudhani ni uvimbe wa maradhi, na mama naye hushtuka. Hedhi hufuata baada ya kama miaka 2, basi usikawie kumwekea pedi na chupi ya akiba kwenye begi la shule. Ute mweupe usiowasha wala kunuka hutangulia hedhi, hautaki dawa. Mvulana naye kifua chaweza kuvimba kidogo, kikatulia chenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ndoto nyevu, yaani kutokwa na shahawa usingizini, si ugonjwa.

Ngozi ndiyo inayotutia gharama bure. Homoni huongeza mafuta usoni, vitundu vya ngozi huziba, chunusi hutoka, si uchafu. Mafuta ya nazi tunayoyapenda kwa nywele yasipakwe usoni, yanazidi kuziba. Uso uoshwe mara 2 kwa siku kwa sabuni isiyo kali, bila kusugua, na chunusi zisiminywe. Ninachokuomba sana, mzazi mwenzangu: usimnunulie krimu za kuchanganya za vikopo visivyo na lebo. Zenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, hutuliza uso wiki za mwanzo, kisha ngozi hukonda na chunusi hurudi kwa wingi. Chunusi zinazouma au kuacha makovu zionwe na daktari, na dawa ipewe wiki 6 hadi 8 kabla ya kuikatia tamaa.

Michirizi ya mapajani na mgongoni hutokana na kukua haraka, hufifia taratibu.

Matiti yakitokea kabla ya miaka 8, hedhi isipokuja hadi 15, au mvulana akifika 14 bila dalili yoyote, nendeni kituo cha afya.