Kutembelea Al Ras, Dubai, kwa Metro: Kutoka Soko la Dhahabu Hadi Ng'ambo ya Hori

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayefuata mzigo Deira, eneo la biashara la Dubai, huijua hoteli yake, ofisi ya wakala wake wa mizigo na maduka matatu manne ya jumla, kisha hurudi nyumbani bila kuuona mji wa kale ulio karibu kabisa na pale alipokuwa akilala. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa msafiri mwingine yeyote mwenye nusu siku mkononi. Mahali pa kuanzia ni kituo cha metro cha Al Ras, kilicho chini ya ardhi kwenye Njia ya Kijani, na mahali pa kumalizia ni Al Ghubaiba, kituo kinachofuata, ambacho kiko upande wa pili wa hori, yaani mkono wa bahari unaopita katikati ya mji wa kale. Treni hupita chini ya maji kati ya vituo hivyo viwili kwa dakika chache tu. Safari ninayoieleza hapa hupita juu ya maji, na huchukua saa tatu au nne.

Jambo la kwanza ni kadi ya nauli iitwayo Nol, ambayo bila hiyo huwezi kupita kwenye lango la kituo. Inauzwa kwenye madirisha ya tiketi na kwenye mashine zilizo ndani ya kila kituo. Ipo Nol ya tiketi ya karatasi, nyekundu, kwa mtu anayepita tu mjini, lakini anayekaa siku kadhaa na anunue kadi ya rangi ya fedha (Silver) ya dirham 25, ambayo huja na salio la dirham 19 na hukatwa nauli ndogo zaidi katika kila safari: dirham 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili zinazopakana, na 7.50 kwa safari ndefu zaidi ya hapo. Kadi huguswa langoni wakati wa kuingia na huguswa tena wakati wa kutoka. Kila abiria awe na kadi yake, isipokuwa mtoto aliye chini ya miaka 5, ambaye husafiri bure.

Ukitokea uwanja wa ndege, Kituo cha Abiria namba 1 au namba 3, panda Njia Nyekundu hadi Union, ushuke ngazi za umeme na kuingia Njia ya Kijani kwa upande wa treni zinazoelekea kituo cha Creek. Al Ras ni kituo cha tatu kutoka Union. Utapita kwanza Baniyas Square, halafu Gold Souq, na hapo wageni wengi hushuka kwa sababu ya jina lake. Si kosa kushuka pale, kwa kuwa soko la dhahabu liko karibu, ila ukianzia Al Ras unaingia mtaa wa kale wenyewe, na matembezi yote yanakupeleka kuelekea majini bila kurudi nyuma.

Treni hizi hazina dereva, na zinaendeshwa kwa masharti yanayosimamiwa kwa ukali ambao mgeni asiudharau. Kula au kunywa ndani ya treni au kituoni ni faini ya dirham 100, hata kama ni maji tu au peremende. Faini hiyohiyo humpata mwanamume aliyesimama katika sehemu ya wanawake na watoto, ambayo imetengwa kwa mstari wa waridi sakafuni na maandishi juu ya mlango. Katika msongamano wa jioni ni rahisi mno kujikuta umesukumwa upande usio wako, kwa hiyo angalia chini kabla ya kusimama. Abiria huruhusiwa begi moja kubwa na moja dogo, na mwenye marobota atafute teksi. Jumatatu hadi Alhamisi na Jumamosi treni huanza saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita usiku, Ijumaa huendelea hadi saa saba usiku, na Jumapili huanza saa mbili asubuhi.

Ama saa ya kutembea, chagua asubuhi kuanzia kama saa nne, au alasiri baada ya saa kumi. Maduka mengi ya mtaani hufungwa mchana, na kuanzia Juni hadi Septemba joto la mchana hupita nyuzi 40, kiasi kwamba hata mzaliwa wa Mombasa au Bagamoyo, anayedhani jua analijua, atatafuta kivuli.

Ukitoka Al Ras, vichochoro vitakupitisha karibu na Shule ya Al Ahmadiya, iliyoanzishwa mwaka 1912 na mfanyabiashara wa lulu, na inayohesabiwa kuwa shule rasmi ya kwanza ya Dubai. Kutoka hapo elekea mashariki hadi Soko la Dhahabu, barabara ya waenda kwa miguu yenye paa la mbao na madirisha ya vioo yaliyosheheni vidani. Kivutio kinachopigwa picha zaidi ni pete iitwayo Najmat Taiba, ya dhahabu ya karati 21, yenye uzito wa karibu kilo 64. Itazame, kisha uende kwenye shughuli.

Anayenunua ajue kwamba bei ya bidhaa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni thamani ya dhahabu kwa gramu, ambayo hufuata bei ya siku na huandikwa waziwazi dukani. Hiyo haina mapatano. Ya pili ni gharama ya ufundi, na hapo ndipo pa kuvutana, hasa kwa bangili za kawaida ambazo hazikumchosha sonara. Muulize muuzaji kila sehemu peke yake, akupimie mizani ikiwa mbele yako, na uangalie muhuri: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, na 750 ni karati 18. Risiti iandikwe uzito, karati na ufundi. Mtalii anayetumia dirham 250 au zaidi katika duka lililojiunga na mpango wa marejesho anaweza kudai sehemu kubwa ya kodi ya asilimia 5, mradi aonyeshe pasipoti wakati wa kununua na apitie dawati la marejesho uwanjani kabla ya kukabidhi mizigo yake. Vijana watakaokunong'oneza habari za saa na mikoba "ya kopi" uwajibu "hapana, ahsante" na usisimame. Anayewafuata hupandishwa ghorofani kwenye vyumba ambavyo kutoka bila kununua ni kazi.

Soko la Viungo liko kusini, kuelekea hori, na ni dogo kuliko sifa zake. Iliki, mdalasini na karafuu mtu wa pwani yetu hana haja ya kuzifuata huku. Kilicho na maana ni zafarani ya Iran, ndimu kavu nyeusi zinazotiwa kwenye mchuzi na biriani za Kighuba, pamoja na ubani wa Oman, ambao ulio bora huwa na rangi ya kijani kibichi kilichofifia na hupenyeza mwanga ukiuinua juani. Zafarani nunua ya nyuzi nzima, kamwe usinunue ya unga. Bei ya kwanza kutajwa huwa ya mgeni, hivyo uliza maduka mawili au matatu kabla ya kutoa pesa.

Vuka barabara ya Baniyas nawe utakuwa ukingoni mwa hori, mahali ambapo majahazi ya mbao hupakia majokofu, matairi na magunia kwa bandari za Iran na kwingineko. Hapo pana gati la abra, mashua ya mbao yenye injini inayobeba watu wapatao 20 waliokaa wakipeana migongo. Nauli ni dirham 1, hulipwa kwa mkono mashua ikishaondoka, kwa hiyo weka sarafu mfukoni mapema.

Ng'ambo, ukishapita soko la vitambaa la Bur Dubai, una njia mbili. Mkono wa kushoto ni Al Fahidi, mtaa wa nyumba za wafanyabiashara waliotoka Uajemi, zenye minara ya kunasa upepo. Mkono wa kulia, ukiambaa na maji, ni Al Shindagha, yenye makumbusho na nyumba ya Sheikh Saeed Al Maktoum iliyojengwa mwaka 1896. Mwenye muda wa sehemu moja tu aende Shindagha, kwa sababu iko karibu na kituo cha kurudia. Ndani ya nyumba yoyote ya kale inua macho utazame dari. Magogo membamba yaliyopangwa sambamba juu yake ni boriti za mikoko, aina ileile iliyopakiwa majahazini kutoka Lamu na delta ya Rufiji kwa vizazi vingi, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, takriban mita 3, na ndiyo sababu vyumba hivi ni virefu na vyembamba kama vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja.

Kurudi hakuhitaji kuvuka tena. Kituo cha Al Ghubaiba kiko umbali wa kutembea kutoka Shindagha. Anayelala Deira achukue treni ya kurudi Union. Anayekwenda Burj Khalifa achukue treni ya upande wa Creek, ashuke BurJuman, na apande Njia Nyekundu. Angalia salio kabla ya kufika langoni, maana jioni foleni ya mashine za kujazia huwa ndefu kuliko safari yenyewe.