Kikosi cha Jumamosi Moja: Jinsi Ninavyokipanga

Jumamosi ya tarehe 27 Agosti 2022, saa 11 jioni, Liverpool walikuwa wanacheza na Bournemouth kwao Anfield. Sisi tulikuwa tumebanana kwenye kibanda cha mpira hapa Ngamiani, Tanga, feni moja na watu zaidi ya thelathini. Karibu kila aliyeshiriki mashindano yetu ya fantasi (unaandika kikosi cha wachezaji wa kweli, na wanachofanya uwanjani kinakuletea pointi) siku ile alikuwa amemwandika Mohamed Salah kuwa nahodha, mimi nikiwamo. Liverpool wakashinda 9-0. Katika mabao yote tisa, Salah hakufunga hata moja wala hakutoa pasi ya bao. Roberto Firmino alifunga mawili na kutoa pasi tatu za mabao. Kijana mmoja anayekaanga mihogo jirani na sisi ndiye pekee aliyempa Firmino unahodha, na kufikia Magharibi ushindi ulikuwa wake, hakuna wa kubishana naye.

Mimi ni fundi baiskeli. Wiki nzima nilikuwa nanyoosha ringi na kukaza spoku huku nalifikiria jambo lile. Mechi tuliichagua sote sawasawa: kila mmoja aliona Bournemouth watafungwa mengi. Tofauti ilikuwa mtu mmoja tu. Nikanunua kaunta buku, na tangu hapo kila Jumamosi usiku naandika kikosi cha aliyeshinda. Changu sikiandiki. Cha mshindi ndicho kinachofundisha, na haya ninayoeleza nimeyatoa humo.

Kwanza sheria zetu, maana ushauri wa fantasi bila sheria ni kama kumuuzia mtu tairi bila kujua ukubwa wa ringi. Pointi tunahesabu zile zile za Fantasy Premier League, mchezo rasmi wa fantasi wa Ligi Kuu ya Uingereza. Mshambuliaji akifunga anapata 4, kiungo 5, beki 6. Pasi ya bao ni 3 kwa yeyote. Kipa na beki wakicheza dakika 60 au zaidi bila timu kufungwa wanapata 4 kila mmoja, kiungo 1. Nahodha pointi zake mara mbili. Kutoka timu moja wachezaji wasizidi watatu. Kule kwenye mchezo wenyewe unanunua wachezaji 15 kwa pauni milioni 100 za kubuni na kikosi unakaa nacho msimu mzima, ukibadilisha kidogo kidogo. Sisi tunacheza mechi za Jumamosi peke yake, wachezaji 11, hakuna benchi, na bajeti ni 83.5. Hesabu yake rahisi: benchi la kule, yaani kipa wa akiba wa 4.0, mabeki wawili wa 4.0 na mchezaji mwingine wa 4.5, ni 16.5, hiyo ndiyo tumeipunguza kwenye 100.

Jambo moja tumelichukua kwenye michezo ya siku moja ya ughaibuni. FanDuel ilianzia Edinburgh mwaka 2009, DraftKings ikaanzia eneo la Boston mwaka 2012, na kwao mechi ikianza, asiyeweza kubadilishwa tena ni mchezaji wa mechi hiyo tu. Ambaye mechi yake bado unaweza kumbadilisha. Sheria hii ni tamu kuliko zote, nitairudia mwishoni.

Hatutoi kiingilio. Wa kwanza tunamchangia sinia la wali na samaki wa kupaka, na jina lake linakaa ubaoni wiki nzima. Wa pili hapati kitu. Hapo pa "wa pili hapati kitu" ndipo watu wengi wanapopita haraka, na ndipo kila kitu kinapoanzia.

Ukishindana na mtu mmoja, unahitaji kumzidi yeye tu. Chukua wachezaji wa uhakika, wanaocheza dakika 90, kila mmoja akuletee pointi 5 au 6, utashinda mara nyingi. Lakini mkiwa arobaini na anapata mmoja, kikosi cha uhakika kitakuweka wa nane, wa kumi na mbili, wa tisa. Ukiwa wa tisa au wa thelathini na tisa, jioni ile mko sawa. Kwa hiyo swali la kujiuliza unapomwandika mchezaji si "atapata ngapi kwa kawaida?" Jiuliza, "siku yake ikifika, anafika wapi?"

Tangu msimu wa 2025/26 beki akifikisha vitendo 10 vya kuokoa, kuziba mashuti, kukata pasi na kunyang'anya mipira, anapata pointi 2. Watu wamezipenda sana pointi hizi, wanajaza mabeki wa kati wa timu za chini. Kwa mapambano ya wawili wanafanya vizuri. Kwa mashindano ya arobaini, 2 ni 2, haiongezeki. Mimi mabeki naandika watatu tu, na nawataka wenye njia ya kwenda mbele: anayepiga kona, au wa kati anayepanda kwenye kona kama Gabriel wa Arsenal, ambaye amefunga mengi kwa kichwa. Viungo wanne au watano. Kiungo anayecheza kama mshambuliaji ana thamani kuliko mshambuliaji mwenyewe, kwa sababu bao lake moja ni 5.

Sasa tufike kwenye kiini. Sisi tunaita mkungu: wachezaji watatu wa timu moja unaowachukua kwa pamoja, kama ndizi zilizo kwenye mti mmoja. Tazama mechi ya Manchester City na Manchester United ya tarehe 2 Oktoba 2022, iliyokwisha 6-3. Erling Haaland alifunga matatu, Phil Foden matatu, na mawili kati ya yale ya Foden pasi zilitoka kwa Haaland. Aliyekuwa na wote wawili, kila bao la namna hiyo lilimpa 5 za Foden na 3 za Haaland, pointi 8 kwa mpira mmoja kuingia wavuni. Aliyekuwa na Haaland halafu akatawanya wengine kwenye timu saba, angehitaji mambo saba tofauti yatokee siku moja. Wewe unahitaji jambo moja litokee: City wafunge sana.

Ndiyo, mkungu ukioza unaoza wote. Timu ikitoka 0-0 siku yako imekwisha. Kubali hilo kabla ya kuandika, kwa sababu wa thelathini na wa tisa nimeshasema wako sawa.

Mkungu wangu huwa hivi: mshambuliaji, kiungo anayemlisha, na wa tatu beki wa pembeni anayepanda au mpigaji mipira iliyokufa. Mpigaji penalti nampa uzito mkubwa. Tarehe 28 Septemba 2024 Cole Palmer aliwafunga Brighton mabao manne kabla ya mapumziko, na kati ya hayo moja lilikuwa penalti na jingine mpira wa adhabu. Mabao yale peke yake ni pointi 20, kabla hujazidisha kwa unahodha. Mchezaji anayegusa kila mpira uliosimama ana milango mingi ya kuingilia.

Halafu ongeza mtu mmoja kutoka timu pinzani ya mechi hiyo hiyo. Wengi hili wanaliona kama kujipinga. Angalia tena ile 6-3: United walifunga matatu, na Antony alipata lake kwa shuti la mbali. Mechi inayozaa mabao mengi mara nyingi inazaa pande zote mbili, kwa sababu anayefungwa anafunguka kutafuta, na akifunguka anafungwa zaidi. Ukiwa na watatu wa huku na mmoja wa kule, umeinunua mechi nzima. Ila usiweke kipa wala beki wa timu inayocheza na mkungu wako. Hiyo ndiyo kujipinga kweli, kila bao lako linakula pointi zako mwenyewe.

Kipa na beki mmoja nawachukua timu moja, nyingine kabisa, yenye mechi ya nyumbani dhidi ya timu isiyofunga. Wasipofungwa ni 4 na 4. Zaidi ya hapo sipotezi muda kwa kipa.

Wakati mwingine mteja kijana ananiuliza, "Mgosi, sasa kama kila mtu anaona City watafunga, mkungu wangu utanisaidia nini?" Swali zuri, na jibu lake ni Firmino. Jua wenzako wanaandika nini. Hapa kwetu haihitaji kompyuta. Kaa kijiweni Ijumaa jioni, sikiliza. Mashabiki wa Arsenal ni wengi, na Arsenal wakiwa nyumbani na timu dhaifu, Bukayo Saka atakuwa kwenye nusu ya vikosi. Mashabiki wa Manchester United wataandika wa kwao hata mechi ikiwa ngumu. Aliyefunga mawili wiki iliyopita ataandikwa na wote. Kwenye programu ya Fantasy Premier League pia unaona asilimia ya waliomchagua kila mchezaji, ingawa hiyo ni dunia nzima, kijiwe chako kina tabia zake.

Hapa nisieleweke vibaya. Simaanishi ukatafute wachezaji wasiojulikana ili uwe tofauti. Nimeona vikosi vya watu waliojitenga kwenye kila nafasi, kumi na mmoja wote wa ajabu, na vikafa kabla ya mapumziko. Chukua sita au saba ambao kila mtu anao, kwa sababu wameandikwa kwa sababu ya maana. Tofauti iweke mahali pawili: mtu mmoja ndani ya mkungu, na nahodha. Kijana wa mihogo alikuwa na Liverpool kama sisi sote. Aliingia nyumba ile ile kwa mlango mwingine. Salah msimu ule alianza kwa bei ya 13.0, Firmino alikuwa chini sana, na pesa iliyobaki ilimpatia beki wa Liverpool siku ambayo hawakufungwa.

Kuhusu pesa: si lazima uimalize. Watu wanahangaika mpaka ibaki sifuri, na ndiyo maana vikosi vyao vinafanana, kwa sababu njia za kufikia 83.5 kamili kwa wachezaji wale wale ni chache. Nikibakiza 1.0 au 1.5 na mkungu umekaa ninavyotaka, naacha.

Majeruhi na waliopumzishwa: makocha wanaongea na waandishi Alhamisi au Ijumaa, soma. Timu iliyocheza Ulaya Jumatano halafu ina mechi ya kwanza Jumamosi, mwogope winga wake.

Saa ndiyo inayowaangusha watu kila mwaka. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mechi ya kwanza kwetu ni saa 8:30 mchana, zile nyingi saa 11 jioni, ya mwisho saa 1:30 usiku. Uingereza wakirudisha saa nyuma, zote zinasogea: 9:30, 12:00, 2:30. Karani wetu anapokea vikosi mpaka mpira wa kwanza upigwe, kisha anavituma vyote kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu anaona cha mwenzake. Nunua bando asubuhi.

Na hapo ndipo ile sheria ya kubadilisha inapofanya kazi. Vikosi vya timu vinatoka zaidi ya saa moja kabla ya mechi. Kwa mechi ya mwisho, ukitoka swala ya Magharibi tayari unajua nani anaanza. Ndiyo maana nahodha wangu, nikiwa na wawili wanaolingana, nampa wa mechi ya mwisho, na mchezaji mmoja wa mechi hiyo namwachia bei inayobadilishika kirahisi, wa 7.0 au 7.5, maana bei hiyo ina watu wengi.

Fungua vikosi vya wenzako, tafuta aliye mbele, hesabu wachezaji wake waliobaki. Kama amekuacha pointi 9 na mmebakiwa na mchezaji yule yule, huwezi kumfikia kwa mchezaji huyo, afunge mawili au matano. Mtoe. Weka mwingine wa bei hiyo, hata kama unamwona mdogo kidogo, kwa sababu kwake yeye ndiko pointi 9 zinakoweza kutoka. Ukiwa wewe ndiye uliye mbele, fanya kinyume: mwangalie anayekufuata ana nani, mchukue huyo huyo, kisha unahodha uuweke anakouweka yeye. Mwezi uliopita nilikuwa mbele kwa 6, anayenifuata alikuwa na kiungo mmoja wa mechi ya saa 1:30 akiwa nahodha. Nilikuwa bado nimeshika spana, mteja amesimama na baiskeli ya maziwa anaisubiri. Nikamwomba dakika mbili, nikaosha mikono, nikamtumia karani jina la kiungo yule na neno "nahodha", kisha nikarudi kumalizia mnyororo.