Borobudur: Usikimbilie Kileleni

Kosa linaloharibu ziara nyingi za Borobudur ni kupanda moja kwa moja hadi juu. Hekalu hili la Kibudha kisiwani Java, Indonesia, lilijengwa karne ya 8 na ya 9 kwa mawe ya volkano. Lina vibao 2,672 vya michongo, na hakuna hata kimoja kwenye majukwaa matatu ya duara ya juu. Huko kuna stupa 72 (minara ya Kibudha yenye umbo la kengele), mandhari nzuri, na jua lisilo na kivuli.

Anza na tiketi, maana ziko za aina mbili. Ya uwanjani inakufikisha chini ya ngazi tu. Ya kupanda ina saa yake, unaongozana na mwongozaji, na nafasi zina kikomo; mwaka 2023 walikuwa watu 1,200 kwa siku. Inunue mapema mtandaoni, na uhakiki siku za kupanda kabla ya kulipia hoteli. Hekalu liko kilomita 40 hivi kutoka mji wa Yogyakarta, kwa hiyo ondoka mapema: zamu ikikupita, imekupita.

Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Viatu vyako utavivua na kuvaa ndala laini za majani ya mkadi, kwa sababu soli ngumu na mchanga vimezila ngazi kwa miaka mingi.

Muda wa kukaa juu ya hekalu ni kama saa moja. Kabla ya zamu yako, nenda pembe ya kusini-mashariki chini, uone vibao vichache vya msingi uliofichwa, yaani sehemu ya chini ya hekalu iliyofunikwa kwa mawe. Tiketi ya uwanjani inatosha.

Ukipanda, ukumbi wa kwanza, yaani njia ya chini inayozunguka hekalu kati ya kuta za michongo, upe nusu ya muda wako. Tembea hekalu likiwa mkono wako wa kulia, kuanzia mashariki, la sivyo hadithi utaisoma kinyumenyume. Safu ya juu ya ukuta mkuu ina vibao 120 vya maisha ya Buddha. Safu ya chini mwombe mwongozaji akuonyeshe jahazi lenye matengo: mtu wa pwani yetu atamwona ndugu mkubwa wa ngalawa. Mwaka 2003 jahazi lililoundwa kwa kuufuata mchongo huo lilitoka Indonesia, likapita Madagaska, likafika Ghana mwaka 2004. Limehifadhiwa kwenye makumbusho ndani ya eneo la hekalu, lipitie ukishuka.

Usiguse michongo wala kukalia stupa. Sanamu nyingi za Buddha hazina vichwa, vingine viliibwa, na jiwe lililobaki linalika kwa jasho la mikono.