Kuunganisha Kompyuta Pepe na Mtandao wa Ofisi kwa Daraja la Linux

Ukisimika KVM na libvirt, programu za kuendesha kompyuta pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), kwenye seva ya Ubuntu, kwa kawaida utakuta mtandao uitwao default: daraja (swichi ya kiprogramu) virbr0 lenye anwani za 192.168.122.0/24, ambalo huzitoa kompyuta pepe nje kwa kuzificha nyuma ya anwani ya seva. Kwa majaribio unatosha. Kwa duka la jumla la Kariakoo, ambalo programu ya stoo imo ndani ya kompyuta pepe na makarani huifungua kutoka kaunta, hautoshi, kwa kuwa kompyuta za kaunta haziwezi kuifikia moja kwa moja. Hapo panahitajika daraja lililoshikana na kadi halisi ya mtandao, ili kila kompyuta pepe ionekane kama kifaa kingine kilichochomekwa kwenye swichi. Kadi iwe ya waya, kwani ya Wi-Fi kwa kawaida hukataa kazi hiyo.

Anwani ya IP ya seva ihamie kwenye daraja, na kadi ibaki bila anwani. Kuiacha kwenye kadi ndilo kosa ninaloliona mara nyingi. Hifadhi nakala ya faili ya zamani nje ya /etc/netplan, kwa sababu Netplan, chombo cha Ubuntu cha kupanga mtandao, husoma kila faili ya .yaml iliyomo, kisha andika hivi kwa jina la kadi na anwani zako:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp1s0:
      dhcp4: false
  bridges:
    br0:
      interfaces: [enp1s0]
      addresses: [192.168.1.10/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.1.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.1.1]
```

Usikimbilie netplan apply, hasa ikiwa seva iko Kariakoo nawe uko Mbagala saa za foleni. Tumia sudo netplan try, ambayo hurudisha mipangilio ya awali usipothibitisha ndani ya sekunde 120. SSH, njia unayotumia kuiingia seva kutoka mbali, inaweza kunyamaza kwa kitambo, kwa kuwa daraja hungoja kidogo kabla halijapitisha data. Vuta subira, kisha bonyeza Enter. Sehemu ya parameters (mipangilio ya ziada ya daraja) usiiweke sasa, maana try inaweza kulikataa daraja lenye sehemu hiyo. Iongeze siku utakayokuwa mbele ya seva.

Unapounda kompyuta pepe kwa virt-install, taja --network bridge=br0,model=virtio, na uipe anwani isiyogawiwa na DHCP ya ruta (huduma inayogawa anwani yenyewe). Ikiwa Docker (programu ya kuendesha kontena) nayo imo kwenye seva hiyo na data haipiti darajani, kagua kwanza kanuni za FORWARD (za data inayopita) katika iptables, kinga ya mtandao ya Linux, kwa sababu Docker mara nyingi huweka sera yake kuwa DROP, yaani kuzuia.